Maji, kinywaji cha michezo au ORS: mtoto wa judo, karate au ndondi anywe nini, na anywe vipi?

Mtoto aliyevaa glavu za ndondi hawezi kufungua chupa. Nalitanguliza hilo kwa sababu karibu kila msimu mzazi fulani hunivuta pembeni na kuniuliza: "Kocha, nimletee maji tu, au vile vinywaji vya wanamichezo?" Swali ni la haki na nitalijibu kwa marefu. Ila nimeshuhudia mara nyingi mtoto akija na chupa ya kinywaji cha bei, akaondoka nayo imejaa vilevile. Mikono ilikuwa ndani ya glavu, kinga ya meno ilikuwa mdomoni, na hakuna mkubwa aliyesimamisha mazoezi akasema sasa tunywe.

Kwa hiyo hapa nalinganisha mambo matatu: kinywaji kwa kinywaji, kunywa kwa kiu na kunywa kwa saa, kisha njia za kujua kama mtoto amekunywa vya kutosha. Mwishoni nimeongeza habari ya kupunguza uzito, maana huko kazi ya msimu mzima huweza kuharibika kwa siku moja.

Tofauti na mchezo wa mpira

Mwili hujipoza jasho linapokauka juu ya ngozi. Mkimbiaji ana fulana nyepesi na upepo usoni, jasho lake linakauka. Mtoto wa judo amejifunga koti la pamba nene ambalo hufyonza jasho na kulishikilia. Likivuliwa mwisho wa kipindi ni zito kama nguo iliyotoka kufuliwa. Wa taekwondo ana kinga ya kifua na kofia. Bondia ana kofia ya kinga, glavu, na chini ya glavu bendeji. Wote hao wako ndani ya ukumbi mmoja, watoto ishirini wanahema pamoja, na hakuna upepo unaopita.

Halafu kuna adabu ya mchezo wenyewe. Mwanafunzi hatoki mkekani bila ruhusa, na kuomba ruhusa mbele ya wenzako ni kama kukiri kwamba umeshindwa. Mwalimu wangu wa kwanza aliamini kuwa maji katikati ya mazoezi humfanya mtu awe mlegevu. Tulikuwa tukimaliza tunakimbilia bomba tukisukumana. Simlaumu sana, naye alilelewa hivyo, lakini alikosea.

Kwa miaka mingi ilidhaniwa pia kwamba watoto kwa maumbile hawahimili joto kama watu wazima. Mwaka 2011 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, AAP, kiliupitia upya msimamo huo. Kikasema mtoto mwenye afya, aliyekunywa vya kutosha, huhimili mazoezi kwenye joto karibu sawa na mtu mzima. Kinachomponza ni mzigo uliozidi, mapumziko machache, mavazi yanayozuia joto kutoka, na maji yaliyopungua mwilini. Ukiitazama orodha hiyo utaona kwamba karibu kila kitu ndani yake kinaamuliwa na mtu mzima aliyeshika filimbi.

Vinywaji vikiwekwa kando kwa kando

Hesabu hizi ni za kila mililita 100. Ni za wastani. Chapa hutofautiana, kwa hiyo soma lebo ya chupa uliyonayo.

| Kinywaji | Sukari | Sodiamu | Mahali pake |
|---|---|---|---|
| Maji | 0 | karibu 0 | mazoezi ya kawaida |
| Kinywaji cha michezo | gramu 6 hivi | miligramu 45 hivi | siku ndefu, mapambano mengi |
| ORS (mchanganyiko wa sukari na chumvi wa wanaoharisha) | gramu 1.35 | miligramu 170 hivi | mara chache, kwa sababu maalumu |
| Juisi halisi | gramu 10 hivi | kidogo mno | ichanganywe na maji, au isubiri chakula |
| Soda | gramu 10 hadi 11 | kidogo mno | si ya mazoezini |
| Maziwa | gramu 5 hivi | miligramu 40 hivi | baada ya mazoezi |
| Kinywaji cha kuongeza nguvu | gramu 11 hivi | hutofautiana | hapana |

Tuanze na pambano lenyewe, maji dhidi ya kinywaji cha michezo.

Mpaka unaotumiwa sana na wataalamu wa michezo ni asilimia 2 ya uzito wa mwili. Mtu akipoteza maji zaidi ya hapo, uwezo wake huanza kushuka, hasa kwenye joto. Kwa mtoto wa kilo 30 hiyo ni gramu 600, yaani maji ya nusu lita na kidogo. Katika kipindi cha dakika 45 au 60 chenye kupasha mwili, kurudia mbinu, mapambano machache na kunyoosha viungo, mtoto anayekunywa maji kila mapumziko kwa kawaida hafiki huko. Na chumvi aliyoitoa kwa jasho ataipata kwenye mlo unaofuata bila mtu yeyote kuifikiria. Ndiyo maana AAP, katika ripoti yake ya mwaka 2011 kuhusu vinywaji hivi, ilisema kwa mtoto anayefanya mazoezi ya kawaida maji yanatosha.

Sasa chukua nusu lita ya kinywaji cha michezo. Ndani yake kuna gramu 30 hivi za sukari, karibu vijiko saba vya chai. Mtoto akifanya mazoezi mara tatu kwa wiki na kumaliza chupa moja kila mara, ni vijiko zaidi ya ishirini vya sukari kwa wiki ambavyo mwili wake haukuvihitaji kwa kazi aliyoifanya. Tukumbuke pia kilikotoka. Gatorade, iliyofungua njia kwa aina hii ya vinywaji, ilitengenezwa mwaka 1965 katika Chuo Kikuu cha Florida na Robert Cade na wenzake, kwa ajili ya wachezaji wa futiboli ya Kimarekani. Hao walikuwa vijana wakubwa waliovaa vifaa vizito, wakichezea kwenye joto kali kwa saa nyingi. Mtoto wa miaka minane anayejifunza kuanguka salama kwa dakika 45 hana shida waliyokuwa nayo.

Kuna jambo jingine ambalo sijaona likitajwa kwenye lebo, nalo linatuhusu sisi kuliko wacheza mpira. Vinywaji vya michezo vina asidi. Vingi viko karibu na pH 3 (kipimo cha asidi: namba ikishuka, asidi imezidi), wakati gamba la jino huanza kulainika pH ikishuka chini ya takriban 5.5. Mtoto akinywa kidogo, kisha akarudisha kinga ya meno mara moja, ile asidi na sukari hubaki zimebanwa kwenye meno raundi nzima. Ukiamua kumpa, asukutue kwa maji kabla hajarudisha kinga. Wanaokubali kufanya hivyo ni wachache, najua, lakini nimewazoesha wangu kwa kuweka chupa mbili pembeni, ya maji ikiwa ya mwisho kushikwa.

Nisikionee kinywaji hicho. Kina siku zake. Siku ya mashindano yenye mapambano manne au matano, kambi yenye vipindi viwili kwa siku, mazoezi makali yanayopita saa moja mfululizo kwenye ukumbi wa moto: hapo sukari kidogo huirudishia misuli nguvu na sodiamu husaidia maji yasitoke moja kwa moja kama mkojo. Pia kina faida moja kubwa ambayo haina uhusiano na misuli, nayo ni ladha. Oded Bar-Or na Boguslaw Wilk wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, walionyesha mwaka 1996 kwamba wavulana wa miaka 9 hadi 12 waliofanya mazoezi kwenye joto walikunywa zaidi maji yalipotiwa ladha, na zaidi tena yalipoongezwa sukari na chumvi kidogo. Kwa hiyo mtoto anayekataa maji kabisa, kinywaji chenye ladha ambacho atakinywa kinamfaa kuliko maji ambayo hatayagusa. Kabla ya kufika huko, jaribu maji ya baridi kiasi, au maji yenye juisi kidogo ndani yake. Wengi hukubali hapo, na sukari inakuwa sehemu ndogo tu ya ile ya chupa ya dukani.

ORS nayo huulizwa siku hizi, kwa hoja kwamba ikiwa inaokoa wagonjwa basi wanamichezo itawafaa zaidi. Mchanganyiko uliopitishwa na Shirika la Afya Duniani na UNICEF mwaka 2002 una milimoli 75 za sodiamu na 75 za glukosi kwa lita moja. Uwiano huo umepangwa ili utumbo uvute maji haraka kwa mtu anayeharisha. Sodiamu yake ni karibu mara nne ya kinywaji cha michezo. Mtoto mzima wa afya huionja, hukunja uso, na kuacha. Tena hapotezi chumvi kwa kasi hiyo kwenye mazoezi ya kawaida.

Nimeitumia kwa aina moja tu ya watoto: wale ambao jasho likikauka linaacha mistari myeupe ya chumvi kwenye mkanda na kola ya gi, yaani vazi la mazoezi, na hapo ilikuwa siku ya mashindano marefu, kiasi kidogo kati ya pambano na pambano. Ukiitumia, pakiti moja iingie kwenye kiasi kilekile cha maji kilichoandikwa juu yake. Kuikoleza "ili ifanye kazi haraka" ni hatari, na vilevile kukoroga chumvi nyumbani kwa kukisia. Na ikiwa mtoto anaihitaji kwa sababu ameharisha au kutapika jana, basi leo hana kazi ukumbini, abaki nyumbani anywe ORS yake kitandani.

Juisi halisi na soda sitazikalisha sana. Zina sukari nyingi kiasi kwamba hukaa tumboni muda mrefu, na tumbo lililojaa haliendani na kutupwa chini mara thelathini. Juisi nusu na maji nusu inapita.

Maziwa yanastahili heshima kuliko tunavyoyapa. Mwaka 2016 kundi la watafiti lililoongozwa na Ronald Maughan lililinganisha vinywaji kadhaa kwa kupima mkojo wa watu saa nne baada ya kunywa. Maziwa na ORS yalibaki mwilini zaidi ya maji. Kinywaji cha michezo hakikutofautiana na maji kwa kiasi cha maana. Waliopimwa walikuwa wanaume wazima waliopumzika, si watoto waliotoka mkekani, kwa hiyo nisilivute kupita urefu wake. Lakini kwa mtoto anayeyapenda na tumbo lake linayakubali, glasi ya maziwa baada ya mazoezi inampa maji, sodiamu, potasiamu na protini kwa pamoja. Wakati wa mazoezi hapana, ni mazito.

Kuhusu vinywaji vya kuongeza nguvu, tatizo kubwa ni kwamba hukaa rafu moja na vinywaji vya michezo na wazazi hudhani ni ndugu. Kopo la Red Bull la mililita 250 lina miligramu 80 za kafeini, na vingine katika makopo makubwa vina zaidi. AAP ilisema wazi kwamba havina nafasi katika lishe ya watoto na vijana. Mara mbili nimemkuta kijana ameficha kopo kwenye begi kabla ya pambano. Moyo ulikuwa ukimwenda mbio hata hajavaa glavu.

Kwa kiu au kwa saa?

Hapa ndipo naweka nguvu zangu zote.

Hoja ya kunywa kwa kiu ni nyepesi na ina ukweli: mwili una kipimo chake, usimlazimishe mtu. Kwa kijana wa miaka 16 anayejijua, kwenye mazoezi ya kawaida na chupa ikiwa karibu, sina ugomvi nayo. Kwa mtoto wa miaka tisa haifanyi kazi vizuri, kwa sababu mtoto aliyezama kwenye mchezo haisikii kiu, au anaisikia na kuiahirisha. Watafiti waliochunguza watoto mazoezini wameliona hilo tena na tena: maji yapo, ruhusa ipo, na bado mtoto anamaliza akiwa amepungukiwa.

Hoja ya kunywa kwa saa ina vipimo. AAP inasema watoto wa miaka 9 hadi 12 wanahitaji takriban mililita 100 hadi 250 kila dakika 20, na vijana waliobalehe hadi lita 1 au 1.5 kwa saa. Namba hiyo ya pili isomwe vizuri: ni ukingo wa juu kwa kijana anayetoka jasho jingi, si deni la kulipwa kila kipindi. Kwa walio chini ya miaka tisa mimi siwapimii, kila mapumziko wanakunywa mafunda machache mbele yangu na tunaendelea.

Kwa kuwa hakuna anayebeba kikombe cha kupimia mkekani, mzazi anaweza kufanya hivi nyumbani mara moja. Mpe mtoto chupa yenye alama za mililita, anywe mafunda kumi kwa mwendo wake, uone maji yameshuka kiasi gani. Sasa mnajua funda lake moja ni kiasi gani, naye anajua kwamba mapumziko moja ni mafunda mangapi. Watoto hulipenda zoezi hili kupita nilivyotarajia, hugeuka mashindano ya nani ana funda kubwa.

Kunywa kwa saa nako kuna ubaya wake kukizidishwa. Maji mengi mno kwa muda mfupi huipunguza sodiamu ya damu ikawa nyepesi, na dalili zake, yaani kichwa kuuma, kichefuchefu na kuchanganyikiwa, zinafanana na za mtu aliyekosa maji. Wapo wanamichezo waliokufa kwa hilo. Kwa hiyo mtoto asishindanishwe kunywa lita nzima kwa pumzi moja, na anayesema tumbo limejaa aachwe.

Lakini kati ya njia hizo mbili, kilichobadilisha ukumbi wangu hakikuwa namba. Kilikuwa ni nani anayeamua. Zamani nilikuwa nasema, "Mwenye kiu aombe ruhusa." Walioomba walikuwa wawili watatu, daima walewale, na wenzao waliwacheka kwa macho. Nikabadilisha: kila dakika 20 hivi nasimamisha wote, kinga za meno nje, kila mtu kwenye chupa yake, sekunde tisini, turudi. Hakuna anayeomba, kwa hiyo hakuna anayeonekana dhaifu. Hata wale wakaidi wanakunywa kwa sababu hawana kingine cha kufanya kwa sekunde tisini. Wanaofundisha ndondi wana bahati, raundi zimeshawakatia mapumziko. Kwenye karate, siku ya kata peke yake, yaani mfululizo wa mbinu bila mpinzani, mapumziko yanaweza kuwa mbali kidogo. Siku ya kumite, yaani ya kupambana, yasogezwe karibu. Judo ndiyo inayonisumbua zaidi, maana randori, yaani mapambano ya mazoezi, ikinoga kocha mwenyewe husahau saa. Nimempa mtoto mmoja aliyeumia kidole na asiyeshiriki kazi ya kunipigia kelele muda ukifika, na kazi hiyo sasa inagombewa.

Lakini nusu ya tatizo mtoto huja nalo kutoka nje. Mtoto anatoka darasani, hajanywa tangu asubuhi, anavaa gi na kuanza kuruka. Mapumziko yangu hayawezi kulipa deni la siku nzima. Glasi ya maji na chakula cha mchana, nyingine saa moja kabla ya mazoezi, na aende msalani kabla ya kufunga mkanda.

Mizani, mkojo, au macho

Mizani ndiyo yenye majibu sahihi zaidi. Mtoto apimwe kabla na baada, akiwa amejikausha na amevalia nguo nyepesi kavu, bila gi iliyolowa. Kilo moja iliyopungua ni takriban lita moja ya maji. Mfano: binti ameingia na kilo 38.0, ametoka na 37.6, na amekunywa mililita 300. Jasho lake lilikuwa mililita 700 hivi, na upungufu uliobaki ni asilimia 1 tu. Yuko salama, kipindi kijacho aongeze mafunda kidogo. Kama angetoka na kilo 38.3, amekunywa kupita kiasi.

Shida ya mizani ni kwamba kwenye michezo yenye madaraja ya uzito haipimi maji peke yake, inampima mtoto moyo. Binti wa miaka 13 akipandishwa mizani mbele ya wenzake kila wiki, baada ya muda haiulizii maji tena, anaanza kuulizia chakula. Kwa hiyo napendekeza ifanyike nyumbani, mara mbili tatu kwa msimu, siku ya baridi moja na ya joto moja, kisha mizani irudishwe chini ya kitanda.

Mkojo hauhitaji chombo. Mwaka 1994 Lawrence Armstrong na wenzake walitoa chati ya rangi nane inayotumiwa hadi leo: ukiwa na rangi ya limau iliyopauka ni vizuri, ukikaribia rangi ya chai ni onyo. Si kipimo cha maabara. Vidonge vya vitamini B huugeuza uwe njano kali hata kwa aliyekunywa vizuri, na mkojo wa asubuhi huwa mzito kwa kila mtu. Lakini mtoto anaweza kujipima mwenyewe faraghani kila siku bila kumwambia yeyote. Kwa matumizi ya kawaida nauchagua huu kuliko mizani.

Macho ya kocha yanakuja mwisho kwa usahihi na mwanzo kwa uharaka. Mtoto aliyekuwa mchangamfu akanyamaza, anayejikwaa kwenye mbinu anayoijua, anayelalamika kichwa au kizunguzungu, atolewe, avuliwe kofia na koti, akae penye hewa, anywe taratibu. Akianza kusema maneno yasiyoeleweka, akianguka, au mwili ukiwa wa moto sana, hiyo si kiu tena. Ita msaada wa dharura na umpoze hapohapo kwa maji ya baridi mwili mzima, na usimmiminie kinywaji mtu ambaye fahamu zake haziko sawa.

Chupa

Iwe na mdomo wa kubana au mrija, ili mwenye glavu aweze kuishika kwa viganja viwili au mwenzake ambanie. Iwe na jina. Isichangiwe, hata na ndugu: kwenye michezo hii midomo huchanika, na mate hubeba mengi. Ikae nje ya mkeka, maana tone moja pale linatosha kumteguza mtu kifundo. Chupa ya chuma hutunza baridi lakini ikipigwa teke inauma. Mimi huruhusu za plastiki tu.

Kupunguza uzito au kupanda daraja

Msimu mzima wa kufundisha mtoto kunywa unaweza kufutwa na sentensi moja: "Amezidi nusu kilo, asinywe hadi apimwe."

Mwishoni mwa mwaka 1997, wanamieleka watatu wa vyuo vya Marekani walifariki ndani ya muda wa wiki chache wakijaribu kushusha uzito kwa kutoka jasho na kujinyima maji. Walikuwa watu wazima, wenye makocha. Chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kikapiga marufuku mavazi ya raba ya kutoa jasho na sauna kwa ajili hiyo, kikasogeza upimaji wa uzito karibu na pambano, na kikaweka kipimo cha ukolezi wa mkojo. Shirika la mapambano ya kulipwa la ONE Championship nalo lilianzisha kupima maji mwilini baada ya mpiganaji wake, Yang Jian Bing, kufariki Desemba 2015 akishusha uzito. Shirikisho la Kimataifa la Judo huchagua baadhi ya wachezaji kwa bahati nasibu na kuwapima tena asubuhi ya mashindano, na aliyezidi daraja lake kwa zaidi ya asilimia 5 haruhusiwi kucheza. Sheria hizi zinamlenga hasa mtu mzima.

Kwa mtoto tulinganishe waziwazi. Akikauka ili abaki daraja la chini, anaingia mkekani na misuli iliyochoka, akili nzito, na moyo unaofanya kazi zaidi kusukuma damu iliyopungua. Wataalamu husema kila kilo iliyopotea inahitaji lita 1.2 hadi 1.5 za kinywaji ili irudi, tena kwa saa kadhaa na pamoja na chakula chenye chumvi. Kati ya mizani na pambano la kwanza mara nyingi saa hizo hazipo. Akipanda daraja, anakutana na mpinzani mzito kidogo, pengine anashindwa, na anarudi nyumbani akiwa na kichwa kisichouma. Naandikisha daraja la juu. Nimepoteza wanafunzi wawili kwa msimamo huu, wazazi wao waliwahamisha.

Siku yenyewe ya mashindano, begi la mtoto wangu huwa na chupa mbili. Ya kwanza maji, kutoka tunapofika hadi tunapoondoka, mafunda machache kila anapoitwa mwenzake. Ya pili kinywaji cha michezo, haifunguliwi mpaka pambano la kwanza liishe, na baada ya hapo ni kidogo kidogo kati ya mapambano, kisha asukutue. Kuna mkate na kitu chenye chumvi. Kuna taulo na fulana kavu, kwa sababu kusubiri saa mbili ndani ya gi iliyolowa ni kutoka jasho bure. Na mtu mmoja mzima, asiye kocha wala hakimu, amepewa kazi moja tu: kuhakikisha chupa ya kwanza inajazwa tena kabla ya adhuhuri.